Mgeni Aliyesema Rudia

Saa nne na dakika kumi na saba asubuhi, siku ya Jumamosi, mbwa wetu alinyamaza.

Naanza na saa kwa sababu najua mtakachosema. Mtasema visa vya namna hii hutokea usiku, mtu akiwa amelewa au amechoka, anaona kichaka anadhani ni mtu. Hiki kilitokea asubuhi, uani kwetu, kilomita nne kutoka stendi ya Nyololo, na tuliokiona tulikuwa watu wazima watano. Mimi sinywi pombe. Saa niliitazama kwenye simu kwa sababu kikao cha ukoo kilipangwa kuanza saa nne na nusu, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwaita watu ndani.

Mimi ni fundi wa mashine za kupasua mbao. Shule niliishia darasa la saba. Injini, umeme na hesabu nimejifunza mwenyewe kwa vitabu vya mitumba, nikisoma ukurasa mmoja mara nne hadi uingie. Kila mashine ninayoihudumia ina daftari lake: imewashwa saa ngapi, imezimwa saa ngapi, imekula dizeli kiasi gani. Nawaambia haya ili mjue mimi si mtu wa kuona mambo yasiyokuwepo. Nitaeleza niliyoyaona kwa mpangilio wake. Na mkiona mahali nimejisema vibaya, niaminini, hapo nimepunguza.

Wiki sita kabla ya Jumamosi hiyo tulimzika mdogo wangu Festo. Alikuwa na miaka thelathini na nne. Aliishi Rujewa, akilima mpunga, akaoa hukohuko binti aitwaye Anitha, wakapata mtoto mmoja wa kike. Festo alijiua. Sentensi hiyo ina maneno mawili tu, lakini kwa wiki sita hakuna mtu wa nyumba yetu aliyeitamka mbele ya mgeni.

Tulisema malaria ilimpanda kichwani. Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo tangu baba afariki, alitukusanya usiku ule mwili ulipokuwa njiani, akasema watu wakijua hawatakuja, na mchungaji hatafika makaburini. Je, tulimuuliza mchungaji? Hatukumuuliza. Tulijijibu wenyewe, tukakubaliana, tukaanza kudanganya.

Sasa lazima mjue jambo moja la misiba ya kwetu. Mtu akija msibani, hata akichelewa mwezi, haketi tu akala akaondoka. Akishapewa maji anakaa kwenye mkeka, na mmoja wa wafiwa anamweleza msiba: ugonjwa ulianza lini, mgonjwa alipelekwa wapi, alikata roho saa ngapi. Asipoelezwa ni kama hajapokewa. Anaweza kukaa hapo kutwa, na wakati huo hakuna shughuli nyingine ya ukoo itakayoanza. Kazi ya kueleza nilipewa mimi.

“Wewe fundi una mpangilio,” baba mdogo alisema. “Hawa wanawake watajichanganya.”

Niliifanya vizuri kupita kiasi. Mtu mwingine angesema aliugua ghafla, akafuta machozi, basi. Mimi nilitengeneza ratiba. Alhamisi, saa moja na dakika kumi na mbili jioni, Festo alinipigia simu akilalamika kichwa. Saa nne usiku homa ikapanda. Saa tisa usiku wakamkimbiza zahanati. Saa kumi na moja akatutoka. Niliieleza hivyo zaidi ya mara thelathini na sikukosea hata dakika.

Kati ya hizo zote, saa moja tu ilikuwa ya kweli: ya simu. Ndipo lilipokuwa kosa langu, na ni kosa la mtu wa madaftari. Ili uongo usinipotee, niliufunga kwenye saa ya kweli. Festo alinipigia Alhamisi ile saa moja na dakika kumi na mbili. Ila hakulalamika kichwa. Alichosema nilikijua mimi peke yangu, na nilikusudia kufa nacho.

Kwa nini nilikusudia hivyo? Kwa sababu sisi wa ndani, tuliojua ukweli wa kifo, tulihitaji mtu wa kumbebesha lawama, na mtu huyo alikwisha kupatikana. Alikuwa Anitha. Mama alikataa kula chochote kilichopita mikononi mwake. Shangazi, dada wa baba, alimhamishia jikoni alale na mtoto wake kwenye magunia, na kila alipopita alisema kwa sauti ya kusikika, “Wengine huolewa, wengine hutumwa.” Anitha alikuwa hajibu. Aliosha vyombo vya msiba mzima peke yake, kwenye baridi ya Juni ambayo hata sisi wazaliwa tunaikimbia. Nilimwona vidole vimepasuka. Niliona, nikapita.

Kikao cha Jumamosi ile kilikuwa cha kumrudisha kwao. Nyumba ya Rujewa, majaruba mawili ya mpunga na mtoto, vyote vibaki kwetu. Majaruba ningeyasimamia mimi. Kila mtu alishakubali kabla ya kikao. Kilichobaki ilikuwa kusema mbele yake.

Basi mbwa akanyamaza.

Asubuhi nzima alikuwa anabweka, maana watu walipita barabarani na ukungu ulikuwa mzito, anasikia miguu haoni mtu. Kisha akanyamaza kama mtu aliyewekewa mkono mdomoni, akaingia chini ya kichanja cha vyombo. Nikageuka. Kwenye upenyo wa uzio alikuwa amesimama mwanamume.

“Kamwene,” alisalimia, kwa lugha ya kwetu.

“Kamwene,” mama alimjibu kutoka barazani. “Karibu, baba. Unatoka wapi na baridi hii?”

“Rujewa. Nimechelewa msiba wa Festo. Nilikuwa naye majarubani.”

Alikuwa wa makamo, hana sura ya kukumbukwa. Koti la kawaida, kofia ya sufu. Nilichokiona kwanza ni miguu. Alivaa gambuti, na gambuti zilikuwa na tope jeusi la Usangu, la majaruba ya Rujewa, tope bichi, linang'aa maji. Kutoka Rujewa hadi kwetu ni mwendo wa saa tatu na zaidi kwa basi, halafu kilomita nne kwa miguu kwenye vumbi jekundu. Tope gani hilo lisilokauka? Nilijiuliza hivyo, nikajijibu kwamba labda amekanyaga kijito. Mtu aliyezoea kudanganya wengine hujidanganya haraka sana.

Mama alitandika mkeka. Mgeni akaketi. Baba mdogo akatoka ndani, akatazama saa yake, akaguna.

“Mweleze upesi,” aliniambia sikioni. “Tumalize mambo ya huyu binti kabla ya mchana.”

Nikaketi mbele ya mgeni nikaanza. Alhamisi, saa moja na dakika kumi na mbili. Homa. Zahanati. Saa kumi na moja alfajiri. Sauti nilishusha pale pa kushusha. Nilipomaliza nilisubiri aseme “poleni”, kama wote.

“Rudia,” alisema.

“Samahani?”

“Rudia. Hapo kwenye simu sijaelewa.”

Nikarudia yote. Safari hii alikuwa ananitazama mdomo. Nilipomaliza akauliza, “Kichwa kilimuuma upande gani?”

“Wa kulia,” nikasema.

“Mara ya kwanza hukusema upande.”

“Hukuuliza.”

“Kweli. Rudia.”

Baba mdogo akacheka, kicheko kibaya. “Bwana, umekuja kulia au umekuja kusahihisha mtihani?”

Mgeni hakumgeukia. “Hiyo zahanati mliyompeleka, mlango wake una rangi gani?”

“Bluu,” nilisema mara moja.

Mimi sijawahi kufika kwenye zahanati hiyo. Sijui kama ipo. Lakini mpangilio una tabia hiyo: ukishauanza unadai kujazwa. Pembeni, karibu na mlango wa jiko, Anitha alikuwa amesimama na mtoto mgongoni. Niliposema bluu aliinamisha uso, akaonekana kuona aibu kwa niaba yangu.

Sasa ndipo nilipoona jambo la pili. Nisomeni vizuri hapa. Juni kwetu, asubuhi ya ukungu, kila anayesema hutoa mvuke mdomoni. Baba mdogo alipokuwa anacheka ulimtoka kama wa sufuria. Mama ulimtoka. Mimi ulinitoka, niliuona ukipita mbele ya macho yangu kila niliposema uongo. Mgeni alikuwa amesema maneno mengi, na mdomoni mwake hakukutoka kitu. Mbele ya uso wake hewa ilikuwa safi.

Nikataka kusimama. Miguu ilikuwa sawa, haikufa ganzi kama watu wanavyosimulia. Ila nilihesabu. Nikisimama, kikao kitaahirishwa, watu watauliza kwa nini, nitasema nini? Nikabaki.

Mama alileta chai. Mgeni hakunyoosha mkono. Alisema, kwa adabu, “Nitapokea kwa mke wa marehemu.”

“Huyo hapokewi kitu hapa,” shangazi alijibu kutoka dirishani.

“Mimi nitapokea.”

Anitha akafuta mikono kwenye kanga, akachukua kikombe kwa mama, ambaye alikiachia kabla hajakishika vizuri, kikamwagikia vidole. Akakipeleka hivyohivyo. Mgeni alikipokea kwa mikono miwili akasema, “Asante, dada. Pole kwa msiba wa mume wako.”

Ilikuwa wiki ya sita. Alikuwa mtu wa kwanza, kwenye uwanja ule, kumpa pole Anitha. Nalisema hili kwa sababu nilikuwa najua ni wa kwanza. Nilikuwa nimehesabu hata hilo.

Akanywa. Tulimwona akimeza, koo likipanda na kushuka. Mvuke wa chai ulipanda ukapita usoni mwake, lakini wake haukuwepo.

“Rudia,” aliniambia. “Saa moja na dakika kumi na mbili. Mliongea nini?”

Hapo baba mdogo alichoka. Alikuwa mtu wa hasira tangu ujana, na sasa alikuwa na njaa. Akaja akasimama juu ya mkeka na viatu vyake.

“Kijana, umeelezwa mara mbili. Toa pole yako uondoke, sisi tuna kikao. Tuna mambo ya huyu mwanamke.”

“Huyu mwanamke amefanya nini?”

“Amefanya nini?” Baba mdogo alimnyooshea Anitha kidole. “Huyu ndiye aliyemfanya mtoto wetu ajiue.”

Neno lilitoka hivyo. Wiki sita tulikuwa tumelibana watu wazima wanne, likamtoka yeye aliyeutunga uongo, mbele ya mgeni, kwa sababu ya kuulizwa swali moja dogo. 

“Kumbe hakuumwa kichwa,” mgeni alisema taratibu. “Wala upande wa kulia.”

Mama alianza kulia bila sauti, na sikumlaumu. Alikuwa hajaruhusiwa kumlilia mwanawe kwa kifo alichokufa. Alikuwa amelia malaria wiki sita.

Mgeni akanigeukia tena. Macho yake hayakuwa mekundu, hayakuwaka, hayakuwa na lolote la kusimulia. Yalikuwa macho ya mtu anayesubiri zamu yake kwenye foleni. Akaniuliza kwa sauti ya chini, “Basi kwenye simu mliongea nini?”

“Mambo ya kawaida,” nikasema.

Akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa yangu.

Msinielewe vibaya. Sisemi aliniiga. Kuna watu wanajua kuiga, nimewasikia kwenye sherehe, na anayeigwa hujua anaigwa. Hii ilikuwa sauti yangu kama ilivyo kwenye simu, na nyuma yake msumeno wa mashine ukizunguka bila mbao, mlio ambao fundi yeyote anaujua. Alhamisi ile nilikuwa kwenye mashine, nimetoka nje kidogo kupokea.

“Nauli?” ilisema sauti yangu mdomoni mwake. Kisha kikafuata kimya, kimya chenye urefu wake, urefu wa mtu wa upande wa pili akijibu. Nilikikumbuka. Nilijua kwenye kimya kile Festo alikuwa amesema nini, neno kwa neno.

“Hela ya mpunga umeipeleka wapi?” sauti iliendelea. Kimya kingine.

Akafunga mdomo. Msumeno ukazimika.

“Endelea wewe,” akasema kwa sauti yake. “Au nimalizie mimi.”

Mama alikuwa ameacha kulia. “Hiyo ni sauti yako,” aliniambia. Hakuniita jina. “Malizia.”

Mnadhani nilisema kwa sababu ya ujasiri? Nilisema kwa sababu niliona ningesikia mwenyewe yale maneno yaliyobaki, kwa sauti yangu, kutoka kwenye mdomo usio na pumzi, na hilo sikuliweza. Nikasema.

Nikasema kwamba Festo alinipigia akiomba nauli ya kuja nyumbani. Alisema anataka kuja akae na mama siku chache. Nikamuuliza hela ya mpunga iko wapi, akasema hajauza, wiki tatu hajaenda shambani, hawezi kuamka. Nikamuuliza ni ugonjwa gani wa kutoamka. Akasema hajui. Nikamwambia katikati ya mavuno mtu haachi shamba akaenda kukaa na mama yake. Akanyamaza. Nikasikia anavyopumua. Nikamuuliza, sauti yako ina nini? Na kabla hajajibu nikasema basi, kalale, nina utaratibu wangu, hela sitoi bila kupanga, tutaongea mwisho wa mwezi. Nikakata. Simu ilichukua dakika moja na sekunde arobaini na nane. Niliangalia baadaye.

Ilikuwa Alhamisi. Festo alikufa Ijumaa, kabla ya jua kuchomoza.

Nilipomaliza, Anitha, ambaye kwa wiki sita hakuwa amesema zaidi ya “ndiyo” na “sawa”, alizungumza kutoka pale mlangoni.

“Mimi ndiye niliyemwambia akupigie, shemeji.” Hakupandisha sauti. “Alikuwa halali miezi mitatu. Ndani hatukuwa na hata elfu moja, na nilikuwa nimeshakopa kila nyumba. Nikamwambia, mpigie kaka yako, yule ana akili, ana mpango wa kila kitu. Simu ilipokatika nikamuuliza, amesemaje? Akaniambia amesema nije mwisho wa mwezi. Akacheka kidogo.”

“Kwa nini hukutuambia?” shangazi aliuliza, na kwa mara ya kwanza hakuwa anamchoma.

“Mliniuliza?”

Baba mdogo akaanza kunifokea. Alifoka mengi, na mengine hayakunihusu, yalikuwa ya marehemu baba. Shangazi naye akamfokea baba mdogo kwamba uongo ni wake. Mama alinyanyuka, akaja pale nilipokaa, akashika ukingo wa mkeka.

“Toka,” alisema. “Huu ni mkeka wa wafiwa.”

Nikatoka. Akauvuta mkeka wote, na ndipo tulipoona kwamba mgeni hayupo.

Nilifanya nilichokijua: nilikagua. Saa ilikuwa tano kasoro dakika sita. Upenyo wa uzio ni mmoja na shangazi alikuwa ameuelekea muda wote; hakuona mtu akipita. Mkeka ulikuwa mkavu, hauna hata doa la tope. Kwenye vumbi kulikuwa na nyayo za baba mdogo, za mama, za Anitha na zangu. Kikombe kilikuwa chini, kimejaa hadi juu, chai imepoa na kufanya utando wa maziwa kama chai iliyolala. Nilikwenda hadi njia panda kuwauliza vijana wa bodaboda. Hawakupakia mtu, hawakuona mtu. Baadaye Anitha aliniambia anawafahamu wote waliowahi kulima na Festo, na huyo hakuwa mmoja wao. Nilimuuliza, basi ulidhani ni nani? Akasema, “Nilidhani ni mtu aliyenisalimia.”

Kikao hakikufanyika. Nani angemhukumu nani? Jumatatu Anitha alipanda basi na mtoto wake, akarudi Rujewa kwenye nyumba yake na majaruba yake, na mwaka huu amevuna. Mama alimsindikiza hadi stendi. Shangazi alimfungia viazi kwenye gunia lilelile alilokuwa akilalia, sijui kama alifikiri au ndilo lililokuwa karibu. Jumapili iliyofuata mama alikwenda mwenyewe kwa mchungaji akamwambia kila kitu. Mchungaji hakuuliza swali hata moja. Alivaa viatu, akaja kaburini, akasali, akakaa na mama hadi jioni. Lile tulilokuwa tunaliogopa lilichukua mchana mmoja.

Mimi mama haongei nami. Nikifika anamwambia mtu mwingine, “Mwambie kuna ugali.” Ni mwaka wa pili sasa. Baba mdogo tukikutana barabarani anahamia upande wa pili. Niliwahi kumweleza muuguzi mmoja wa kituo cha afya kisa changu, nikiacha sehemu ya mgeni. Aliniambia kifo kama kile hakiingii kwa mlango mmoja, na kwamba mtu asiyelala miezi mitatu ni mgonjwa na angeweza kutibiwa. Namwamini. Lakini mlango mmoja kati ya milango hiyo nilikuwa nimeushika mimi, na hata yeye hakusema sikuwa nimeushika.

Kimebaki kitu kimoja ambacho sijamwambia muuguzi. Juni iliyopita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tulikuwa tumesimama wanaume saba kwenye mashine tukisubiri injini ipate moto. Baridi ilikuwa kali. Mmoja alitania jambo, wote wakacheka, mvuke ukapanda juu ya vichwa vyao. Mimi nilicheka pia. Kijana mmoja akaacha kucheka akawa ananitazama mdomo. Nimejaribu kupumulia kioo, nimejaribu na kioo cha dirisha, nimejaribu asubuhi tisa tofauti na nimeandika kila moja. Kioo kinabaki safi. Nikiwa na watu kwenye baridi sasa nafunga skafu mdomoni, na watu wanadhani nina kifua.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayesoma. Msiba ukikufika wa namna hii, useme ulivyo. Usimtafutie ugonjwa marehemu wala usimtafutie mkosaji aliye hai. Na mtu wako akikupigia akiomba kitu kidogo, na sauti yake si ile unayoijua, usimpangie tarehe. Muulize ana nini, halafu unyamaze hadi ajibu, hata kama msumeno unakula dizeli bure. Mwambie aje. Nenda ukamchukue. Mpeleke hospitali ukae naye kwenye benchi.

Nauli ya basi kutoka Rujewa hadi Nyololo mwezi ule ilikuwa shilingi elfu tisa. Hizo ndizo nilizookoa.